UZI: David Bryant na miaka 32 ya ubingwa wa bolingi ya nyasini. Yupo aliyemzidi?

#1 · Mleta uzi

Wakuu, kila ukifunguliwa mjadala wa nani alitawala mchezo wake kwa muda mrefu zaidi, majina ni yale yale ya soka, tenisi, ndondi na riadha. Leo naleta jina jingine: David Bryant wa England.

Alizaliwa Clevedon, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Somerset, tarehe 27 Oktoba 1931, na alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 88. Mchezo wake ni bolingi ya nyasini. Taji lake la kwanza la taifa kwa mchezaji mmoja mmoja alilipata 1960. Taji lake la mwisho la dunia alilipata 1992, akiwa na miaka 60. Kati ya taji hilo na hilo ni miaka 32, na sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kumshinda, yaani kila aliyeingia mashindanoni alijua kwamba njia ya kombe inapita kwake.

Naiweka hoja yangu mapema ili anayetaka kuipinga aipinge. Wengi wakimzungumzia Bryant wanahesabu makombe. Mimi nasema makombe ni matokeo tu. Ukubwa wake uko hapa: alishinda kwenye kila aina ya uwanja uliokuwepo. Alishinda kwenye nyasi nzito za Uingereza, kwenye nyasi za kasi za Australia na New Zealand, na kwenye zulia la ukumbini. Mabingwa wengi wa mchezo huu wana uwanja wao, wakitolewa pale wanakuwa watu wa kawaida. Bryant hakuwa na uwanja wake. Popote ulipotandikwa mkeka, alikuwa nyumbani.

Nitashusha kwa vipande. Maswali ruksa katikati.

#2 · Mchangiaji

Mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Ila kabla hujaenda mbali, tuelezee mchezo wenyewe. Mimi nimewahi kuona kwenye runinga wazee wamevaa nyeupe wanaviringisha mipira kwenye majani, nikabadilisha chaneli. Ugumu wake uko wapi?

#3 · Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na bila kulijibu huwezi kumwelewa Bryant hata kidogo.

Uwanja ni mraba wa nyasi zilizokatwa fupi sana na kusawazishwa, urefu wake kati ya mita 31 na 40, umezungukwa na mtaro. Unagawanywa njia kadhaa, kila mechi na njia yake. Mchezaji anasimama kwenye mkeka mdogo, anaviringisha kwanza kijipira cheupe au cha njano kiitwacho jeki, kinakwenda kukaa upande wa pili. Kisha wachezaji wanapokezana kuviringisha matufe yao, kila mmoja manne ikiwa ni mmoja kwa mmoja. Matufe yote yakiisha, wanahesabu: kila tufe lako lililo karibu na jeki kuliko tufe bora la mpinzani ni pointi moja. Wanageuka, wanacheza kuelekea upande waliotoka. Kwa kanuni ya jadi ya mmoja mmoja, anayefikisha 21 kwanza ameshinda.

Mpaka hapo inasikika rahisi. Ugumu ni kwamba tufe si mviringo kamili. Upande mmoja umenyolewa kidogo kuliko mwingine, kwa hiyo haliendi moja kwa moja. Linapoanza safari likiwa na kasi linaonekana kama linakwenda mbali kabisa na jeki, halafu kadiri linavyopoteza kasi ndivyo linavyozidi kukunja, na mita za mwisho linageuka kwa nguvu kuelekea katikati. Ina maana hulengi jeki. Unalenga mahali patupu pembeni, na unatoa nguvu ambayo italifanya tufe life pale pale unapotaka, umbali wa mita 30 hivi kutoka mkononi mwako. Ukikosea nguvu kidogo tu, basi na njia nayo imeharibika, kwa sababu kasi na mkunjo vimefungwa pamoja.

Ongeza na hili: jeki haijafungwa chini. Ikigongwa inahama, na mchezo mzima unahamia ilikohamia. Matufe yaliyokuwa mabaya yanakuwa mazuri, mazuri yanakuwa takataka. Hata jeki ikisukumwa ikaanguka mtaroni bado iko hai, alimradi imebaki ndani ya mipaka ya njia yenu, na tufe lililoigusa kabla halijasimama hupakwa chaki na linabaki hai hata likiangukia mtaroni.

Unatakiwa uyaone hayo yote kabla tufe halijatoka mkononi.

#4 · Mchangiaji

Hiyo ya tufe kukunja mwishoni sikuwa naijua. Endelea mkuu.

#5 · Mleta uzi

Sehemu ya kwanza: kujengwa kwake.

Bryant alirithi mchezo. Babu na baba walicheza klabu ya Clevedon, naye akakulia pembeni ya uwanja ule ule, na akaendelea kuwa mtu wa Clevedon maisha yake yote. Kwa kazi alikuwa mwalimu wa shule. Zama hizo bolingi ilikuwa mchezo wa ridhaa, hakuna aliyekula kutokana nayo, mashindano yalipangwa kuzunguka likizo na ruhusa za kazini.

Kitu kilichomtofautisha tangu mapema ni namna alivyotoa tufe. Wachezaji wengi husimama wima au wameinama kidogo kwenye mkeka, wanapiga hatua moja mbele, mkono unapita kama pendulamu, tufe linatua taratibu. Bryant alichuchumaa. Alishuka chini kabisa juu ya mkeka, akatulia pale akiangalia njia ambayo tufe litapita, halafu akainuka na kuingia kwenye hatua yake na kutoa. Watu wakaiita staili ya Clevedon, na kwa miaka mingi ilikuwa ni kitu cha kwanza ambacho kila mtazamaji mpya aliuliza.

Ile haikuwa mbwembwe. Ukichuchumaa na kuinuka, mwili unajikuta umelegea na uzito umekaa sawa kwenye miguu, haiwezekani uanze ukiwa umekakamaa. Pia inakulazimisha kufanya jambo lile lile kila mara kwa mpangilio ule ule. Kwenye mchezo unaoamuliwa na tofauti ya sentimeta, mtu ambaye mwili wake unarudia kitu kile kile mara mia bila kupungua ana mtaji ambao mwenye kipaji cha mkono pekee hana. Mimi naamini umri wake mrefu mchezoni ulianzia hapo, kwenye magoti.

Kingine watu wanachokikumbuka ni kiko. Alicheza kiko kikiwa mdomoni, mara nyingi hakina hata moto. Kamera zilikipenda sana.

#6 · Mleta uzi

Sehemu ya pili: Perth 1962 na Sydney 1966.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1962 ilifanyika Perth, Australia. Kwa Mwingereza wa wakati ule kwenda kucheza bolingi Australia ilikuwa ni kwenda kucheza karibu mchezo mwingine. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu ya kipande hiki.

Kasi ya uwanja wa bolingi hupimwa kwa sekunde. Unahesabu muda ambao tufe linatumia tangu litoke mkononi mpaka lisimame umbali wa mita 27. Uwanja wa Uingereza wenye nyasi nene na udongo wenye unyevu unaweza kutoa sekunde 10 au 11. Viwanja vya Australia na New Zealand vinaweza kutoa 15 na zaidi. Mgeni anadhani sekunde nyingi ni uwanja wa polepole. Ni kinyume chake. Kwenye nyasi nzito lazima usukume tufe kwa nguvu ili lifike, linakwenda mbio kisha nyasi zinalikaba linasimama. Kwenye uwanja wa kasi unalitoa kwa upole, linateleza na kuteleza, linachukua muda mrefu kufika. Na kwa kuwa linasafiri polepole kwa muda mrefu, mkunjo unapata nafasi ya kufanya kazi zaidi. Kwa hiyo njia inakuwa pana mno. Tufe linaanza likielekea karibu na njia ya majirani kabla halijarudi.

Sasa mchukue mtu aliyekulia kwenye sekunde 10, ambaye misuli yake imezoea kusukuma na macho yake yamezoea njia nyembamba, mpeleke kwenye uwanja wa namna hiyo. Kila anachokijua ni kosa. Nguvu yake ni nyingi, pembe yake ni ndogo, na tufe linapita jeki na kutumbukia mtaroni.

Bryant alikwenda Perth akarudi na dhahabu mbili: mmoja mmoja, na timu ya wanne.

Mwaka 1966 yakaanzishwa Mashindano ya Dunia ya uwanja wa nje, Kyeemagh, Sydney. Ya kwanza kabisa katika historia. Waaustralia walikuwa nyumbani, kwenye nyasi wanazozijua. Bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja akawa Bryant, mwaka ule ule ambao alichukua pia taji la England. Mwaka mmoja, bingwa kwenye nyasi nzito na bingwa kwenye nyasi za kasi. Kwangu mimi huo ndio mwaka wake mkubwa kuliko yote, japo hausimuliwi sana kwa sababu runinga ilikuwa bado haijauvumbua mchezo huu.

#7 · Mchangiaji

Hapo kwenye sekunde nimeelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwa hiyo alibadilishaje? Alikuwa na staili mbili?

#8 · Mleta uzi

Hapana mkuu, na ndiyo raha yenyewe. Mwendo wa mwili ulibaki ule ule. Alichobadilisha ni ukubwa wake: mkono unarudi nyuma kwa urefu gani, hatua ni ndefu kiasi gani, na jicho linatua wapi pembeni. Mtu mwenye mwendo mmoja safi anaweza kuupunguza au kuuongeza. Mtu ambaye nguvu yake inatoka kwenye mkono peke yake hana cha kupunguza, anaishia kubahatisha.

Pia alijulikana zaidi kwa tufe la kusogeza, yaani lile la taratibu linaloenda kulala kando ya jeki, kuliko kwa makombora. Kombora ni lile tufe la nguvu zote linalokwenda karibu mstari ulionyooka na kusambaratisha kila kitu. Watazamaji wanalipenda. Alikuwa nalo, na alilitumia pale hesabu ilipodai. Lakini hesabu yake ya kila siku ilikuwa ya kusogeza, tufe baada ya tufe, mpaka mpinzani ajikute anahitaji kufanya jambo gumu kila raundi ili asipoteze. Inachosha sana kucheza na mtu wa namna hiyo.

#9 · Mchangiaji

Mimi nitapinga kidogo kwa heshima. Miaka ya sitini mchezo ulikuwa wa ridhaa, wachezaji wachache, nchi chache. Ubingwa wa dunia wenye nchi chache una uzito gani?

#10 · Mleta uzi

Hoja ya haki ndugu yangu. Nitakujibu kwa mambo mawili.

Kwanza, nchi zilikuwa chache lakini wachezaji hawakuwa wachache. England, Scotland, Wales, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikuwa na vilabu vingi mno. Ili uwakilishe England ilibidi upite mashindano ya taifa yenye ngazi nyingi za mtoano, kuanzia klabu, jimbo, hadi fainali. Bryant alichukua taji hilo la mmoja mmoja mara sita: 1960, 1966, 1971, 1972, 1973 na 1975. Tazama hapo 1971 hadi 1973, mara tatu mfululizo. Katika mchezo wa mtoano ambapo siku moja mbaya inakutoa, sidhani kuna haja ya kuongeza neno.

Pili, hakushinda kila kitu, na hilo linaonyesha kwamba wapinzani walikuwepo. Mashindano ya Dunia ya 1972 yalifanyika Worthing, England yenyewe, na taji la mmoja mmoja likaenda kwa Malwyn Evans wa Wales. Ya 1976 yalifanyika Johannesburg, Afrika Kusini wakazoa mataji yote, mmoja mmoja likichukuliwa na Doug Watson. Ingekuwa mchezo mwepesi, Bryant asingekaa miaka 14 kati ya taji la kwanza la dunia la nje na la pili.

#11 · Mleta uzi

Sehemu ya tatu: Madola, na kurudi.

Miaka hiyo 14 hakukaa bure. Mwaka 1966 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikwenda Kingston, Jamaica, na bolingi haikuwemo. Iliporudi Edinburgh 1970, dhahabu ya mmoja mmoja ilikuwa ya Bryant. Christchurch 1974, Bryant. Edmonton 1978, Bryant, sasa akiwa na miaka 46. Ukiunganisha na Perth ni dhahabu nne za mmoja mmoja katika michezo minne mfululizo iliyokuwa na bolingi, ndani ya miaka 16. Angalieni na ramani: Australia Magharibi, Scotland, New Zealand, Canada. Hali ya hewa nne, udongo nne.

Halafu 1980, Frankston karibu na Melbourne, akiwa na miaka 48, akachukua tena ubingwa wa dunia wa nje, wa pili akiwa John Snell wa Australia, yaani mwenyeji. Katika mashindano hayo hayo akachukua pia dhahabu ya timu ya watatu akiwa na Jim Hobday na kijana mmoja aitwaye Tony Allcock. Jina la huyo kijana liwekeni akilini.

Serikali ya Uingereza ilishamtunuku nishani ya MBE mwaka 1969, na 1980 akapewa CBE.

#12 · Mchangiaji

Na hilo zulia la ndani uliloahidi?

#13 · Mleta uzi

Nakuja nalo.

Uingereza ina majira ya baridi marefu, na nyasi hazichezeki. Ndipo bolingi ya ukumbini ikakua: zulia refu lililotandikwa kwenye sakafu tambarare, hakuna upepo, hakuna mvua, hakuna sehemu yenye unyevu. Uwanja uleule asubuhi na jioni. Mwaka 1979 yakaanzishwa Mashindano ya Dunia ya ukumbini huko Coatbridge, Scotland, kwa udhamini wa kampuni ya sigara na fedha za zawadi.

Kuna watu wanaodhani zulia ni rahisi kwa sababu halina vituko vya hali ya hewa. Ni kweli halina vituko, lakini hapo ndipo kisingizio kinapokufa. Kila mchezaji mzuri atalala karibu na jeki. Anayeshinda ni yule anayelala karibu zaidi, tena na tena. Zulia pia ni la kasi, kwa hiyo Mwingereza wa nyasi nzito anahitaji mkono ule wa upole niliousema.

Bingwa wa kwanza wa dunia wa ukumbini, 1979: Bryant, akimfunga Jimmy Donnelly wa Ireland katika fainali. 1980: Bryant tena, mbele ya Philip Chok wa Hong Kong. 1981: Bryant, mbele ya John Thomas wa Wales. Mashindano matatu ya kwanza, bingwa mmoja.

Simameni hapo kwenye mwaka 1980 jamani. Katika mwaka mmoja mtu wa miaka 48 alikuwa bingwa wa dunia wa nje, kwenye nyasi za Australia, na bingwa wa dunia wa ndani, kwenye zulia la Scotland. Alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nje, na bingwa wa kwanza wa dunia wa ndani. Akafungua vitabu vyote viwili vya kumbukumbu kwa jina lake.

#14 · Mchangiaji

Sasa nimeanza kuelewa kwa nini umeanzisha uzi. Lakini mkuu, mwanangu wa kiume alikuwa ananiuliza kama huu ni mchezo wa wazee. Ukiniambia bingwa ana miaka 48 unamthibitishia.

#15 · Mleta uzi

Mwambie hivi kijana: mchezo unaoruhusu mzee kushinda haina maana kijana ana kazi nyepesi. Huyo Tony Allcock alizaliwa 1955, miaka 24 baada ya Bryant. Alitwaa ubingwa wa dunia wa ndani 1986 na 1987 akiwa kijana wa miaka 30 na kitu, ubingwa wa nje 1992 na 1996, kisha wa ndani tena 2002. Vijana wanashinda. Tatizo ni kwamba wazee hawaondoki.

Willie Wood wa Scotland, mmoja wa wapinzani wakubwa wa Bryant, alizaliwa 1938, akachukua dhahabu ya Madola Brisbane 1982, na alikuwa bado anaichezea nchi yake Delhi 2010 akiwa na miaka 72. Birmingham 2022 Rosemary Lenton wa Scotland alipata dhahabu ya bolingi ya wenye ulemavu akiwa na miaka 72 pia. Mimi nauona huo kuwa utukufu wa mchezo. Michezo mingapi inamruhusu mtu kuendelea kujifunza kitu kimoja kwa miaka 50 na bado ashindane na walio bora duniani?

#16 · Mleta uzi

Sehemu ya nne, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: Auckland 1988, na wawili wawili.

Mwaka 1984 ubingwa wa dunia wa nje ulifanyika Aberdeen na ukaenda kwa Peter Belliss wa New Zealand. Bryant alikuwa ameshapita 50. Wengi waliona mlango umefungwa. Kufikia 1987, ndani ya ukumbi Allcock alikuwa tayari ndiye bingwa mpya, ameshachukua mara mbili mfululizo.

Mwaka 1988 mashindano yakaenda Henderson, Auckland. Uwanja wa kasi tena, wa aina ile inayomla Mwingereza. Bryant ana miaka 56. Fainali ni yeye na Willie Wood. Akashinda. Mataji matatu ya dunia ya nje ya mmoja mmoja: 1966, 1980, 1988. Kutoka la kwanza hadi la tatu ni miaka 22, na yote matatu kwenye ardhi ya Australia na New Zealand. Hakuna hata moja alilolichukua kwenye nyasi za aina aliyokulia. Wale wanaosema alikuwa mjanja wa viwanja vya nyumbani, naomba wakae na ukweli huo kwa dakika moja.

Halafu kuna ushirika wake na Allcock. Mwaka 1986 mashindano ya dunia ya ukumbini yakaongeza wawili wawili. Bryant na Allcock wakachukua 1986, 1987, 1989, 1990, 1991 na 1992. Mara sita katika miaka saba.

Kucheza wawili si mmoja mmoja mara mbili. Lazima mmoja aandae na mwingine amalizie, na lazima mmoja akubali kucheza tufe lisiloonekana kuwa na faida sasa, la kukaa nyuma ya jeki, kwa sababu anajua jeki inaweza kusukumwa huko baadaye. Hapa kuna mzee wa staili ya kuchuchumaa na kijana wa kizazi kingine kabisa, na wote wawili ni mabingwa wa mmoja mmoja, watu waliozoea kuamua peke yao. Kwa kawaida mabingwa wawili wakifungwa pamoja wanavutana. Hawa walikaa miaka. Allcock angeweza kuchagua mwenza wa rika lake. Bryant angeweza kukataa kushirikiana na mtu anayempokonya mataji. Hakuna aliyefanya hivyo, na wote wawili walivuna.

#17 · Mchangiaji

Nimekuwa msomaji wa kimya ila hapa lazima nichangie. Mimi ni mtu wa Alex Marshall. Ubingwa wa dunia wa ndani mara sita: 1995, 1999, 2003, 2007, 2008 na 2012. Dhahabu tano za Madola: Manchester 2002, Melbourne 2006, mbili Glasgow 2014, na Gold Coast 2018. Na zama zake ushindani ulikuwa mpana, watu wanafanya mazoezi kitaaluma. Bryant ana matatu ya ndani. Kwa hesabu, Marshall yuko juu.

#18 · Mleta uzi

Karibu sana mkuu, na takwimu zako ni sahihi kabisa. Marshall ni fundi, sina neno baya juu yake. Na ukisema kwenye zulia peke yake Marshall ndiye mkubwa, nitakubali bila kubishana.

Lakini dhahabu za Madola za Marshall ni za wawili wawili na za wanne. Za Bryant, nne ni za mmoja mmoja na ya tano ni ya wanne. Na ubingwa wa dunia wa nje wa mmoja mmoja, Marshall hakuupata. Nje ndipo kuna upepo unaolisukuma tufe pembeni likiwa linakufa, ndipo upande mmoja wa njia unakunja tofauti na mwingine kwa sababu jua limekausha huku na kivuli kimeacha unyevu kule. Bryant ana matatu huko na matatu ndani. Nikitafuta mtu mwenye vyote viwili kwa kiwango hicho, aliye karibu naye zaidi ni Allcock, mwenye matatu ya ndani na mawili ya nje. Na Allcock alikua akicheza ubavuni mwa Bryant.

Kuhusu ushindani kupanuka, hapo una nguvu. Mwaka 2008 bingwa wa dunia wa nje alikuwa Safuan Said wa Malaysia, jambo ambalo mwaka 1966 lisingefikirika. Sipimi zama kwa zama. Napima ni kwa kiasi gani mtu aliumaliza mchezo uliokuwepo mbele yake.

#19 · Mchangiaji

Nimekusoma mkuu. Bado nabaki na Marshall kwenye zulia, ila hiyo ya Henderson akiwa na miaka 56 naivulia kofia.

#20 · Mchangiaji

Swali kwa mleta uzi. Je, umaarufu wake ulitokana na mchezo au na kile kiko? Maana nimetafuta picha zake, karibu zote ana kiko.

#21 · Mleta uzi

Runinga ilihitaji sura mkuu, na alikuwa nayo. BBC ilipoanza kuonyesha bolingi kwa wingi mwishoni mwa miaka ya sabini, mtu wa kawaida ambaye hajawahi kukanyaga uwanja aliweza kumtambua mara moja: kiko na kuchuchumaa. Kwa mchezo uliokuwa umejificha nyuma ya ua za vilabu, hiyo ilikuwa neema. Vipindi vile vilionyesha njia nzima ya tufe kutoka juu, na kwa mara ya kwanza watu majumbani wakaona ule mkunjo wa mwishoni.

Lakini kiko hakijawahi kulaza tufe kando ya jeki. Wanaobaki na picha ya mzee mpole mwenye kiko wanakosa kitu kikubwa, kwamba alikuwa mshindani mkali kupindukia. Upole ulikuwa wa kweli, nje ya njia. Ndani ya njia hakuwa anampa mtu pointi.

#22 · Mchangiaji

Mkuu, kwa sisi tuliokolea leo, tuanzie wapi kumwangalia? Na tuangalie nini, maana mimi nikiangalia naona tufe tu.

#23 · Mleta uzi

Video za zamani za mechi zake zipo mtandaoni, tafuteni kwa jina lake pamoja na mwaka, hasa za ukumbini miaka ya themanini. Mara ya kwanza msiangalie tufe kabisa. Angalieni miguu na magoti yake kwenye mkeka kwa raundi nzima, mwone kama kuna hata mara moja ameanza tofauti. Mara ya pili angalieni mahali tufe linapotua mita chache mbele ya mkeka, na jinsi linavyotua bila kudunda, kama limewekwa pale kwa mkono. Mara ya tatu ndipo mlifuate mpaka mwisho, na kabla halijaanza kukunja jaribuni kubashiri litalala upande gani wa jeki.

Ukipata mechi ya wawili akiwa na Allcock, angalia matufe ya Bryant yanayopita jeki. Mtangazaji anaweza kusema limekuwa refu. Subiri raundi imalizike kabla hujakubaliana naye, mara nyingi lile refu ndilo linalookoa jahazi jeki ikisogezwa.

Atakayepata video ya Frankston 1980 au Henderson 1988 aiweke hapa tafadhali, nina hamu kubwa ya kuichambua raundi kwa raundi pamoja nanyi.